Mwenye Kamba Ndiye Mwenye Bei

Bahari ikipwa Mlingotini, wanawake hushuka shambani. Mgeni haoni ua wala mpaka, ila kila mmoja wao anajua safu zake zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Maji yanabaki usawa wa magoti, yametulia hadi kwenye mikoko inayoikinga ghuba upande wa pili. Chini yake kamba zimekazwa kutoka pegi hadi pegi, na kila kamba imebeba vishada vya mwani vilivyofungwa kwa vipande vya uzi wanavyoviita taitai. Kuna mwani wa kahawia na kuna wa kijani. Ukiushika unateleza, na ukiukunja unakatika kwa mlio wa tango bichi.

Mimi ni mtu wa mlimani. Nimekulia Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ambako shamba ni kihamba: kahawa chini ya migomba, mfereji ukipita pembeni, na masale yakionyesha mpaka wa jirani. Nilishuka Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, kwa sababu ya swali lililonikaa tangu utotoni. Zao linalimwa na watu wadogo, linaliwa na watu wa mbali, na katikati kuna mikono mingi. Je, mkulima wa mwanzo wa mnyororo huo anawezaje kuwa mshirika, asibaki kuwa mtoa mali tu? Kwetu swali hilo lilikuwa la kahawa. Pwani ni la mwani.

Mama aliyenipokea alikuwa amechuchumaa kwenye maji, kanga moja kichwani na nyingine kiunoni, na kando yake kapu la mbegu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kwa kuwa maji hayamsubiri mtu. Mbegu ni kipande kilichokatwa kwenye mwani uliokomaa. Alichukua kimoja, akakipitishia taitai, akapiga fundo, akasogea kiganja kimoja, akachukua kingine. Vidole vyake vilikuwa na nyufa nyeupe za chumvi. Nilipojaribu kufunga changu, alikitazama akakifungua.

"Umeibana, mwanangu. Ukiibana sana inakatika ikinenepa. Ukiilegeza, mawimbi yanaichukua. Iachie nafasi ya kukua."

Akanionyesha tena. Fundo linakaza kwenye kamba, lakini kitanzi kinachoushika mwani kinabaki na uwazi wa kidole. Nilifanya la pili na la tatu hadi likakubali, na muda huo yeye alikuwa amemaliza kamba nzima.

Kalenda yao ni mwezi wa mbinguni. Kazi inafanyika siku za bamvua, wakati maji yanapokupwa mbali na shamba kufikika kwa miguu. Maji mafu yakiingia, wanabaki nyumbani kutengeneza kamba, kusuka makuti na kuhudumia watoto. Mwani uliofungwa leo huvunwa baada ya wiki 6 hivi. Kwa mtu aliyezoea mbuni, unaodai miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, hilo ni jambo la ajabu. Nilielewa haraka kwa nini wanawake waliushika mwani. Ada ya shule haisubiri miaka mitatu, wala mgonjwa hasubiri.

Zao hili si la kale hapa. Zamani watu wa visiwani na wa mwambao waliokota mwani unaojiotea baharini na kuuza nje, mpaka ukapungua. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyesisitiza kwamba mwani unaweza kupandwa kama zao jingine lolote, na utafiti wake ukafungua njia. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, kisha kikavuka kuja bara, Bagamoyo ikiwemo. Leo visiwani Zanzibar peke yake wakulima wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na walio wengi sana ni wanawake.

Mwani mkavu ukitoka hapa huenda viwandani Ulaya, Marekani na Asia. Huko hukamuliwa karaginani, ute unaogandisha na kushikamanisha vitu. Unaingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu, maziwa yenye ladha, nyama za makopo na hata kwenye dawa za hospitali. Nilimuuliza kijana aliyekuwa akipanga magunia kama anajua mwani unakwenda kufanya nini. Alijibu kwa uhakika, "Dawa ya meno." Kisha akaongeza kwamba dukani kwao dawa ya meno inauzwa bei kubwa kuliko kilo ya mwani. Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei za sokoni, lakini maneno yake yalinikaa kichwani siku nzima.

Juu ya ufuko kuna vichanja vya kukaushia. Mwani ukianikwa juu ya kichanja haushiki mchanga, na mwani usio na mchanga hausababishi ugomvi kwenye mizani. Jua likiwa kali, siku mbili au tatu zinatosha. Mvua ikiushika kabla haujakauka, chumvi inaoshwa, rangi inapauka na thamani inaanguka. Kilo moja kavu inatokana na kilo 7 hadi 10 mbichi, kwa hiyo wanawake hubeba maji mengi mabegani ambayo hawalipwi. Nilinyanyua kapu moja kutoka ukingoni hadi kichanjani. Mabega yangu yamezoea mikungu ya ndizi, lakini kapu lile lilinifundisha adabu.

Hapo kichanjani ndipo tulipozungumza bei. Kuna mwani wa aina mbili. Spinosum ni mvumilivu, unakua karibu popote, lakini bei yake ni ya chini. Cottonii bei yake ni karibu maradufu, ila ni mwepesi kuugua. Na katika aina zote mbili kuna jambo moja lililotawala biashara hii kwa miaka mingi: kamba ni za kampuni. Kampuni inayonunua humpa mkulima kamba, taitai na wakati mwingine mbegu, bila malipo. Mkulima naye huahidi kuuza kwa kampuni hiyo peke yake, kwa bei inayopangwa na kampuni.

Mama mmoja mtu mzima aliyekaa akichambua takataka kwenye mwani alinieleza kwa sentensi moja. "Mwenye kamba ndiye mwenye bei."

Sikutaka kuharakisha kuhukumu. Mpango huo ndio uliowaingiza baharini wanawake wasiokuwa na mtaji hata wa kununua kamba moja. Kampuni nazo zinabeba hatari: zinatoa vifaa leo, hazijui wakulima watavuna nini kesho, na soko la dunia linaongozwa na Indonesia na Ufilipino, ambako uzalishaji ni mkubwa mno kuliko wetu. Bei ikishuka kule, huku inashuka pia. Lakini mpango uliokuwa mlango wa kuingilia umegeuka kuwa ukuta. Mkulima asiye na kamba yake hana la kujibu akiambiwa bei imeshuka. Anaweza kukataa kuuza, lakini mwani uliokauka kwenye gunia haumlishi mtoto, na mnunuzi mwingine haruhusiwi kuukaribia.

Nilipokuwa mdogo kule Kibosho nilimsikia babu akizungumzia malipo ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wachagga walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, kinachotajwa kuwa miongoni mwa vyama vikuu vya ushirika vya zamani kabisa Afrika. Mkulima alipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, akapata malipo ya awali, kisha kahawa ikiuzwa mnadani Moshi akapata nyongeza, na mwisho wa msimu nyongeza nyingine kama chama kilifanya vizuri. Serikali ilivifuta vyama vya ushirika mwaka 1976, sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na tangu hapo kumekuwa na madeni, wizi na matumaini kwa zamu. Siwezi kusema ushirika wetu ni mfano wa ukamilifu. Lakini babu alikuwa na kitu ambacho mama wa kichanjani hana: kahawa ilipotoka mkononi mwake, haikuacha kuwa yake mpaka ilipouzwa mara ya mwisho. Bei ikipanda mnadani, ilimfikia hata kama ni kwa kuchelewa.

Mchana nilikaribishwa chakula kwenye baraza la nyumba iliyoezekwa makuti. Ulikuwa wali wa nazi, kisamvu kilichopondwa kikalainika, na tasi wa kukaanga. Tasi ni samaki mwenye miiba yenye sumu kidogo na tumbo lisiloshiba. Anapenda mwani mchanga kuliko chakula kingine, na kundi lake likiingia shambani linaweza kuacha kamba tupu kwa usiku mmoja. Kwa hiyo wenyeji wangu walimla kwa furaha ya aina mbili. Kando kulikuwa na bakuli la kachumbari ya mwani: mwani uliochemshwa kidogo, ukakamuliwa ndimu, ukachanganywa na kitunguu na pilipili mbichi. Ni laini, una chumvi kidogo, na unaburudisha kwenye joto lile. Watoto waliula wakigombea. Hawakujua kwamba wanakula kitu ambacho vitabu vya biashara vinakiita malighafi.

Mazungumzo ya barazani yalielekea kwenye pesa za mwani na nani anazishika. Kihambani kwetu desturi ya wazee ilikuwa wazi: kahawa ni ya baba, ndizi ni ya mama. Mama alipalilia kahawa na kuchuma, lakini jina kwenye kitabu cha chama lilikuwa la mume, na malipo ya pili mara nyingine yaliishia kwenye pombe ya mbege. Mlingotini mambo yalikwenda kinyume. Wanaume walipouona mwani ukianza, waliudharau. Waliona ni kazi ya kuchuchumaa kwenye tope kwa senti chache, wakaendelea na nyavu zao. Wanawake wakaingia, wakapata fedha yao ya kwanza isiyopitia mkono wa mtu. Mwenyeji wangu alinionyesha bati la jikoni, kisha vitanda vya watoto, kisha kabati la vyombo lenye kioo. "Hivi vyote vimetoka majini," alisema. Mume wake, aliyekuwa akitengeneza nyavu pembeni, aliitikia kwa kichwa na kuongeza kwamba hata injini ya boti yake ilitengenezwa kwa pesa ya mwani.

Lakini bahari yenyewe inabadilika. Cottonii, ule wenye bei nzuri, umekuwa ukifa kwenye maji ya kina kifupi kwa zaidi ya miaka 20. Joto likipanda maji yanapokupwa mchana, shina linapauka kuwa jeupe, linalainika, linakatika. Wakulima wengi wa Zanzibar na wa bara wamerudi kwenye spinosum kwa lazima, yaani kazi ileile kwa nusu ya malipo. Mtafiti Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kufanya kazi na wakulima wa mwani, alikuwa miongoni mwa waliopendekeza kuusogeza cottonii kwenye maji ya kina zaidi, ambako joto halipandi sana. Ghuba ya Mlingotini, kwa kuwa imetulia, ilikuwa mahali pazuri pa kujaribu. Huko kamba haziegemei pegi chini. Zinaelea juu, zimeshikwa na nanga na kuinuliwa na maboya, mara nyingi chupa tupu za plastiki.

Ufumbuzi huo ni mzuri, na umeleta swali lake. Kwenye kina kirefu huendi kwa miguu. Unahitaji mtumbwi, na unahitaji kujua kuogelea. Wanawake wengi wa mwambao, pamoja na kuishi ukingoni mwa bahari maisha yao yote, hawakufundishwa kuogelea, kwa kuwa mila ilimpa mwanamume bahari na mwanamke ufuko. Sasa mwani wenye thamani unahamia upande wa wanaume. Mama mmoja kijana aliniambia amejifunza kuogelea akiwa mtu mzima, akiwa amevaa gauni lake lote, akishikilia dumu tupu. Alisema mwanzoni watu walimcheka, siku hizi wanamletea binti zao awafundishe. Sioni mpango wowote wa ushirika na wakulima wa mwani unaoweza kujiita kamili kama hauna somo la kuogelea na mtumbwi wa kikundi ndani yake.

Kijijini kuna kikundi kinachojulikana kwa jina la Msichoke, na kuna wanawake ambao hawataki tena kuuza mwani mkavu tu. Nilimtazama mmoja akitengeneza sabuni. Mwani ulikuwa umesagwa ukawa unga laini wa rangi ya majani makavu. Aliuchanganya na mafuta ya nazi, akamimina maji ya kostiki soda kwa uangalifu huku amegeuza uso, akakoroga upande mmoja tu, bila kubadili, mpaka uji ukaanza kuacha alama ya mwiko. Akaumimina kwenye kisanduku cha mbao kilichotandikwa karatasi. Kipande cha sabuni hiyo kinauzwa bei inayozidi ya kilo nzima ya mwani mkavu, na ndani yake mwani ni vijiko vichache tu.

Hapo nikaona tofauti yote ya mnyororo huu mbele ya macho yangu, kwenye meza moja. Ila sabuni nayo ina vizingiti vyake. Ili ikae kwenye rafu za maduka makubwa ya Dar es Salaam inahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kifungashio kinachopendeza na mzigo usiokatika mwezi hata mwezi. Duka halitaki sabuni nzuri inayopatikana Julai na kupotea Agosti. Mwanamke anayelima, anayeanika, anayepika na kulea hawezi peke yake kuwa pia mtengenezaji, mpimaji na mchuuzi. Hapa ndipo mshirika wa kweli angeweza kumsaidia: kwa mkopo wa mashine ya kusaga, kwa mtu wa kuwasaidia kupata alama, na kwa mkataba wa kununua kiasi fulani kila mwezi.

Jioni nilipita Kaole, kati ya makaburi ya mawe na mibuyu mikubwa kwenye magofu ya mji wa karne ya 13, kisha nikaingia Bagamoyo mjini. Karne ya 19 misafara ilifika hapa kutoka Ujiji na Unyanyembe, wapagazi wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Pembe zilipakiwa majahazini zikavuka kwenda Unguja, na kutoka huko zikaenda kuwa vifunguo vya piano na mipira ya biliadi kwenye nyumba za watu ambao hawakuwahi kumjua mpagazi. Watu waliofanywa watumwa nao walipita njia hiyohiyo. Mji huu unajua vizuri kuliko mji mwingine wowote wa pwani yetu jinsi mali inavyopita mikononi mwa watu bila kuacha chochote mikononi humo.

Na kuna mradi unaosubiriwa. Mbegani, jirani na Mlingotini, ndipo palipopangwa bandari kubwa ya Bagamoyo. Makubaliano na Wachina yalitiwa saini mwaka 2013, jiwe la msingi likawekwa mwaka 2015, kisha mradi ukasimama, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza nia ya kuufufua. Sipingi bandari, nchi inahitaji bandari. Ila wakulima wa mwani wanalima juu ya kitu ambacho hakina hati. Kihamba cha babu kina masale, na mahakama inayajua masale. Safu za kamba baharini zinategemea maji safi na heshima ya jirani tu. Kama kweli tunataka mnyororo wa thamani unaodumu, haki ya wanawake hawa juu ya maji yao inapaswa kuandikwa kabla meli kubwa haijaonekana.

Nimerudi Kibosho nikiwa na jibu lililo wazi zaidi kuliko nilivyotarajia. Siku hizi kila kampuni na kila mradi unajiita mshirika wa mkulima mdogo. Mlingotini wamenipa vipimo vya kulikagua neno hilo. Kwanza, nani anamiliki kamba, yaani chombo cha kazi? Kama ni mnunuzi, basi iwe ni mkopo wenye mwisho, ili msimu fulani kamba ziwe za mkulima. Pili, mizani ni ya nani, na bei ya soko la dunia inasomwa na nani? Wanawake wana simu. Bei ya mwani inaweza kuwafikia siku ileile inayomfikia mnunuzi. Tatu, bei ikipanda baada ya kuuza, je, mkulima anapata malipo ya pili kama babu alivyopata? Nne, bahari ikiugua, nani anabeba hasara?

Niliposoma vipimo hivyo kwenye mkutano wa AMCOS yetu, yaani chama chetu cha msingi cha ushirika, mzee mmoja aliuliza kwa nini tufundishwe ushirika na watu wanaolima baharini, sisi tulioanza mwaka 1925. Nilimjibu kwamba tulianza mapema, na ndiyo maana tunapaswa kwenda. Wanawake wa Mlingotini wanataka kuanzisha ghala lao ili waweze kushikilia mwani bei ikiwa mbaya. Sisi tunajua ghala linavyoendeshwa, tunajua linavyoibiwa, na tunajua kitabu kinavyopaswa kukaguliwa. Wao wanajua kushika pesa yao wenyewe, jambo ambalo mama zetu walilikosa kwa vizazi viwili. Mkutano umekubali kuwaalika wachache wao msimu wa kuchuma kahawa, na baadaye kuwatuma mtunza hesabu wetu na wanawake wawili wa chama kushuka pwani siku za bamvua. Nauli itatoka kwenye malipo ya pili.